Wapendanao ziwani: Jua la Kisumu na saa ya upepo

MKENYA akitaka kumwonyesha mpenziwe jua likizama majini, jambo la kwanza linalomjia akilini ni kukata tikiti ya Mombasa. Asilolijua mpaka afike ni kwamba fuo za Nyali, Bamburi na Diani zote zinatazama mashariki. Huko jua hutoka baharini alfajiri, wakati wageni wengi wangali kitandani, na jioni huzama nyuma ya mahoteli, nyuma ya minazi na barabara ya lami. Wenzetu wa Unguja wamejaliwa, kwani Mji Mkongwe umeelekea magharibi, na majahazi yake ya jioni yana sifa duniani kote. Sisi huku, mji wetu mkubwa wenye maji upande wa magharibi ni Kisumu, na maji yenyewe ni ya Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe.

Ajabu ni kwamba wenyeji wengi wa Kisumu hawajawahi kulipanda ziwa hilo jioni. Huliona kila siku wakipita garini, hula samaki wake, huilaumu harufu yake upepo unapogeuka, na basi. Ukimuuliza karani wa afisi mjini kwa nini hajawahi kumpeleka mkewe katika mashua, atacheka na kukuambia kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Makala haya ni ya karani huyo na mkewe, na vilevile ya yule mwanafunzi wa Maseno anayejiuliza ampeleke wapi mchumba wake mahali pengine mbali na jumba la sinema.

Historia yenyewe ya Kisumu kama mji imeanza na mke na mume. Reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani Desemba 1901, aliyeupigilia nyundo msumari wa mwisho hakuwa gavana wala mhandisi, bali Bi Florence Preston, mkewe Bw Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa reli hiyo. Bibi huyo alikuwa amefuatana na mumewe kambi baada ya kambi, kupita nyika za Tsavo na kushuka Bonde la Ufa. Bandari ikaitwa Port Florence, na wengi husema jina hilo lilitokana naye. Baadaye jina la Kisumu likarudi, na mwaka 2001, reli ilipotimiza miaka mia, mji ukatangazwa kuwa jiji.

Maji utakayoyapanda hapo si ziwa lote. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 69,000, na Kenya ina fungu dogo tu, takriban asilimia sita. Kisumu imekaa mwisho kabisa wa Ghuba ya Winam, mkono mrefu wa maji ya kina kifupi unaoingia nchi kavu. Ukisimama ufukweni mwa Dunga ukatazama magharibi, mkono wako wa kulia ni vilima vya Seme, mbele kushoto ni Mlima Homa, na katikati ya vyote hivyo ni maji. Mwezi Juni jua hutua upande wa kulia, karibu na vilima. Kufikia Desemba limehamia kushoto, kule ghuba inakofunguka, na hapo ndipo huzama majini hasa.

Jambo jingine ni saa. Kenya nzima hutumia saa moja, lakini Kisumu iko mbali upande wa magharibi, kwa hiyo jua huchelewa kutua huko kwa dakika 20 hivi kuliko Mombasa. Mwanzoni mwa Novemba hutua yapata saa kumi na mbili na nusu, na mwezi Februari hukaribia saa moja kamili. Mtu wa Pwani anayekwenda kwa mazoea ya kwao atafika mapema bure. Hata hivyo likishagusa maji halimngoji mtu. Ikweta hupita pale Maseno, mwendo mfupi kutoka jijini, na katika sehemu hizi jua hushuka wima kama jiwe. Kutoka ukingo wake wa chini uguse maji hadi lizame lote ni dakika mbili hivi. Ukiinama kutafuta kamera mkobani utainuka ukute limekwenda.

Kufika Dunga hakuna taabu. Ni kilomita chache kusini mwa katikati ya jiji, kwa tuktuk au bodaboda, kupitia hifadhi ndogo ya swala pala iliyotengwa mwaka 1992, kisha Hippo Point. Hapo pa Hippo Point watu wengi huishia. Hukaa juu ya nyasi, hunywa soda, hungojea kiboko atoe masikio, halafu hurudi mjini wakisema wameliona ziwa. Songa mbele kidogo. Dunga ni kijiji cha wavuvi kilichoegemea kinamasi cha mafunjo, na mafunjo hayo ni nyumba ya ndege ambao wapenzi wa ndege husafiri kutoka Ulaya kuja kuwatafuta. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda kupita kiasi, maji yaliingia ufukweni hapo na kufukuza watu na biashara zao. Mengi yamejengwa upya.

Mashua za hapa si majahazi. Ni za mbao, nyembamba, zenye omo iliyochongoka mbele, na umbo lake lina asili ya visiwa vya Ssese nchini Uganda. Rangi zake ni za kupendeza: buluu, manjano, nyekundu, na ubavuni jina la mtoto, la timu ya mpira au aya ya Biblia. Zamani zote zilikwenda kwa tanga la pembe tatu, ndugu wa tanga la jahazi la pwani. Siku hizi nyingi zina mashine nyuma, na anayetaka kwenda kwa tanga ni lazima aseme mapema. Nakushauri useme. Mashine hufanya kelele, hunuka petroli, na watu wawili waliokuja kuzungumza hulazimika kupigiana mayowe.

Kuna jambo la mila ambalo msomaji afaa kulijua kabla ya kupanda. Katika desturi za wavuvi wengi wa Kijaluo, mwanamke hakuingia katika mashua ya kuvulia. Kazi yake ilikuwa ufukweni: kungojea samaki, kuwanunua, kuwakaanga au kuwabanika, kuwapeleka sokoni. Kwa hiyo saa hii ya machweo tunayoiita ya mahaba, kwa mama na nyanya zetu wa ziwani ilikuwa saa ya kusimama na karai, macho yakiwa majini, kuhesabu matanga yanayorudi. Likikosekana moja, moyo ulianza kwenda mbio. Katika fuo kadhaa za ghuba wapo sasa wanawake wanaovua wenyewe, wala dunia haikupasuka. Lakini mke na mume kukaa bega kwa bega katika mashua moja, bila wavu na bila shughuli, bado ni jambo geni. Usishangae wazee wa ufukweni wakikutazama.

Sasa tuje kwenye kiini cha safari, ambacho ni upepo.

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupaa, na hewa baridi ya ziwani huja kuijaza nafasi yake. Basi tangu karibu adhuhuri upepo wa Kisumu huvuma kutoka ziwani kwenda mjini. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa haraka, maji hubaki na joto lake, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Wavuvi wa tanga wameishi kwa ratiba hiyo vizazi na vizazi. Hutoka kabla ya mapambazuko wakisukumwa na upepo wa nchi kavu, na hurudi alasiri wakiletwa na upepo wa ziwa. Shida ya wapendanao ni kwamba wao wanataka kuwa majini saa ile ile upepo mmoja unapokufa na mwingine haujazaliwa. Saa ya jua na saa ya upepo hazilingani. Nahodha hodari ni yule anayejua kuzipatanisha.

Mimi na mume wangu tulishuka Dunga saa kumi na nusu, watoto tukiwa tumewaacha kwa shangazi yao. Tulikuwa tumepatana na mzee mmoja mvuvi mwenye mashua ya tanga, sisi wawili pekee, yeye na kijana wake. Viti vilikuwa viwili vya plastiki, vimefungwa kwa kamba kwenye mbao za mashua ili visiteleze. Hakuna zulia, hakuna maua, hakuna muziki. Mume wangu alivitazama viti vile, akanitazama mimi. Nikapanda.

Kwenda ilikuwa kazi. Upepo ulikuwa unatupiga usoni, na mashua ya tanga haiwezi kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Ilitubidi kwenda kombo kulia, kisha kombo kushoto, jambo ambalo mabaharia wa pwani huliita kubisha. Kila tulipogeuka, kijana alilihamisha tanga na sisi tuliambiwa tuinamishe vichwa. Mara ya kwanza niliogopa. Mara ya nne nilikuwa nainama kabla sijaambiwa. Tulipita ukingo wa mafunjo, mdiria weusi kwa weupe wakijitupa majini kama mawe, na mnandi wamekaa juu ya vigingi wametandaza mbawa kama nguo zilizoanikwa. Kiboko tulimwonea mbali, mapua na masikio tu, na mzee akaongeza umbali bila kuulizwa. Jioni ndipo kiboko hujiandaa kwenda malishoni, na hataki mtu kati yake na majani.

Ilipofika saa kumi na mbili na dakika chache, jua likiwa bado juu ya maji kiasi cha mkono mmoja, mzee akaanza kuigeuza mashua. Mume wangu akamwomba: "Mzee, si tungoje kidogo tu lizame?" Mzee akatikisa kichwa. Akanigeukia mimi na kusema, "Nyathina," yaani mwanangu, "jua litaonekana hata tukirudi. Lakini huu upepo ukiisha, huko ni mbali kwa kasia."

Kisha akafanya jambo ambalo nadhani ndilo alilotumia miaka kulijua. Alimwambia kijana afungue kamba za viti na kuvielekeza nyuma, kwenye tezi. Mashua ikawa inarudi Kisumu mbele, na sisi tumekaa tukitazama tulikotoka. Tanga lilifunguliwa kwa upande, upepo ukawa mgongoni mwa mashua na usoni mwetu, bila kelele yoyote isipokuwa maji. Hivyo ndivyo tulivyoliona jua likizama: tukiwa tunaliacha. Lilikuwa jekundu, kisha la rangi ya shaba, kisha likabaki jicho, kisha hakuna. Mume wangu, ambaye kwa kawaida ana la kusema juu ya kila kitu, hakusema neno mpaka liliposhazama. Na alipoanza kusema, alinieleza jambo la kazini kwake ambalo alikuwa amelificha tangu mwezi uliotangulia. Halihusu gazeti. Nitasema tu kwamba nyumbani, kati ya habari za saa tatu na kazi za shule za watoto, asingelisema.

Upepo ulikata tukiwa karibu na mafunjo, kama alivyokuwa amesema mzee, na mwendo uliobaki ukamalizwa kwa kasia.

Ukitaka safari kama hiyo, kuna mambo machache ya kuangalia. La kwanza ni jaketi la kuokolea maisha, la kila mmoja, limefungwa mwilini, si lililokaliwa kama mto. Mzuri wa maumbile asidanganyike na utulivu wa ghuba. Ziwa hili huua watu wengi kila mwaka, na sehemu kubwa ya dhoruba zake huja usiku, pepo za nchi kavu kutoka pande zote zinapokutana katikati ya maji. Upande wa Kisumu, radi za alasiri nazo huja kutoka vilima vya Nandi. Ukiona weusi umejikusanya upande huo wa mashariki, rudi nyumbani mle chapati. Nahodha akikuambia leo hatutoki, usimwongezee pesa ili abadilishe nia. Mlipe soda na umweke nambari yake ya simu, kwa maana huyo ndiye wa kwenda naye siku nyingine.

Bei ipatanwe mkiwa bado ardhini: ni ya mashua nzima au ya kila kichwa, ni ya saa ngapi, na ni ya tanga au mashine. Kila ufuo una kamati yake ya usimamizi, ile inayojulikana kama BMU, na afisi yake inajua mashua zipi ni nzima na nani nahodha wake. Uliza hapo kwanza, usimfuate kijana wa kwanza anayekushika mkono. Na jambo moja la afya ambalo vijana hupenda kulipuuza: msitumbukize miguu majini kando ya ufuo ili mpigwe picha. Kichocho kipo katika maji ya kina kifupi, na hakichagui wapenzi.

Kuhusu gugu maji, nalo ni mwenyeji sasa, upende usipende. Lilitoka Amerika Kusini, likaonekana katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000 za ghuba hii. Bandari ilizibwa, mashua zikafungiwa. Wadudu wanaolila waliachiliwa mwaka 1997, na baada ya muda likapungua sana, lakini halikuisha, na mara kwa mara hurudi. Huelea na kwenda unakokwenda upepo. Ufuo uliokuwa wazi asubuhi waweza kuwa shamba la kijani jioni. Kwa hiyo piga simu kabla ya kutoka nyumbani. Maua yake ya zambarau ni mazuri, hilo sharti tulikubali, na nimeona bibi harusi akipigwa picha mbele yake huku wavuvi waliozuiliwa wakimtazama kwa macho ambayo hayakuwa ya harusi. Kizuizi kingine ni vizimba vya kufugia samaki, ambavyo vimezagaa ghubani tangu miaka ya 2010 na havionekani vizuri giza likiingia. Ndiyo sababu nyingine ya kwenda na mtu anayevua maji hayo hayo kila siku.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba, ingawa mvua ya Kisumu haisomi kalenda. Nyakati fulani wadudu wadogo wa ziwani huinuka kwa mamilioni, wakasimama juu ya maji kama nguzo za moshi. Hawaumi, lakini funga mdomo. Wenye siku nzima na mfuko mzito kidogo waweza kwenda mpaka kisiwa cha Ndere, hifadhi ya taifa tangu 1986, ambacho jina lake kwa Kijaluo husemwa kuwa na maana ya mahali pa kukutana. Huko ni mwendo wa mashine, si wa tanga la jioni.

Chakula kiwe baada, si kabla. Dunga wanakaanga ngege akiwa mzima, na huliwa kwa mikono, na ugali na sukuma wiki. Sangara pia yupo, lakini huyo aliletwa ziwani miaka ya 1950 na kwa maoni yangu minofu yake haina mambo ya kulinganishwa na ngege aliyechomwa vizuri. Mume wangu hakubali, na tulibishana mpaka mifupa ikabaki peke yake sahanini.

Tulipokuwa tukila, kulikuwa kumeingia giza lisilo na mwezi, na kule tulikotoka taa zilianza kuwaka juu ya maji, moja, tatu, kumi, mpaka ukadhani kuna mtaa mwingine wa Kisumu umejengwa ng'ambo. Hao ni wavuvi wa omena, ambao huwavuta samaki kwa mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali hawatoki, na kati ya Aprili na Julai uvuvi huo hufungwa kisheria ili omena wazaane, kwa hiyo anayezitaka taa hizo achague siku yake. Pale ufukweni yule mzee na kijana wake walikuwa wameshavitoa viti vyetu viwili vya plastiki na kuvipanga ukutani. Walikuwa wanapakia wavu, taa na chupa ya chai.